Neno Nililomsomea Baba

Nyumbani kwetu waliacha kuniita kwa jina langu nikiwa bado shule ya msingi. Waliniita Kamusi. Barua ikifika, "Mpeni Kamusi." Sumu ya panya imeandikwa Kizungu, "Kamusi asome kwanza, tusije tukafa sisi panya wakabaki." Nilipokuja kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, baba yangu, fundi cherehani, alinishonea gauni la kijivu lenye kola, akawaambia wateja wake kwamba binti yake anaijua lugha ile kuliko waliokuja nayo. Nami kichwa kikavimba. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Katika miaka kumi na moja ya kufundisha, sikuwahi hata mara moja kusema mbele ya mtu, "Neno hili silijui."

Shuleni nilikuwa na mchezo wangu. Kila Ijumaa wanafunzi waliruhusiwa kunitega kwa neno moja gumu, na nikishindwa, nifagie darasa mimi. Ufagio sikuushika. Maneno niliyoyajua niliyaeleza, na nisiyoyajua niliyapa maana inayofaa, kwa sauti kavu, nikaenda kuyatafuta baadaye kwenye kamusi kubwa ya ofisi ya walimu. Nikikuta nimekosea, nilingoja kama kuna atakayekumbuka. Hakuna aliyekumbuka. Mwalimu akisema kwa uhakika, nani wa kumbishia?

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka sita, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alikuwa akishona katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, dirisha likitazama barabarani, na alishona peku, kwa sababu alisema viatu vinamzuia kuisikia cherehani. Siku moja sindano ilivunjika, kipande kikaanguka chini, akakikanyaga. Hakusikia kitu. Alishona siku mbili na kile chuma mguuni, na alipoona wekundu kwenye kanyagio alidhani ni rangi ya kitambaa iliyochuja. Mama ndiye aliyeinama kufagia akauona unyayo wake.

"Baba Kamusi, huu ni mguu au ni nini?"

"Hauumi," baba akasema.

Tulikitoa kile kipande, lakini kidonda hakikufunga. Baada ya wiki mbili tukampeleka hospitali, mama na mimi, siku ya Jumanne, shule zikiwa zimefungwa. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na nje ya mlango wake foleni ilifika hadi kwenye ngazi. Aliuminya mguu, akaunusa, akaandika kwenye cheti. "Alhamisi mrudi, chumba cha vidonda. Maelekezo yako hapa." Akaita jina la mgonjwa mwingine kabla hatujasimama vizuri.

Kwenye korido baba alinipa kile cheti, kama alivyonipa kila karatasi tangu nikiwa na miaka tisa. Mwandiko ulikuwa safi. Ningeweza kusingizia mwandiko, lakini ulikuwa safi kabisa: "Debride, then dress. Thursday." La mwisho ni Alhamisi, alishatuambia. "Dress" nililijua, ni kufunga kidonda. "Debride" sikuwahi kuliona maishani mwangu.

Dirisha la nesi lilikuwa hatua nne kutoka pale. Nesi mwenyewe alikuwa amekaa, anachovya mkate kwenye chai, hana hata mtu mbele yake. Ila kwenye benchi, kati yangu na lile dirisha, alikuwa ameketi mama wa mwanafunzi wangu mmoja, amemshika mtoto mdogo mapajani, ananitazama kwa heshima. "Shikamoo mwalimu," alikuwa ameniambia tulipoingia, mtu mzima kuliko mimi. Sasa alikuwa anangoja amsikie mwalimu akisoma.

"Wanasemaje?" baba akauliza.

"Kidonda kisafishwe, kisha kifungwe," nikasema.

Mama akachungulia cheti, ingawa Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. "Hili neno la kwanza lote hilo, maana yake kusafisha tu?"

"Madaktari ndivyo walivyo, mama. Jambo dogo, neno kubwa."

Yule mama wa benchi akacheka kidogo, kicheko cha kunisifu, na baba akacheka pia. Sikuwa nimesema uongo wa kukusudia, nilijiambia. Nilikuwa nimekisia, na makisio yangu mengi yalikuwa yakipata.

Tulipofika nyumbani nikaifungua kamusi yangu ndogo nikiwa bado na viatu. Ilitoka kwenye "debonair" ikaruka hadi "debris". Simu yangu wakati ule ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kamusi kubwa ilikuwa shuleni, ndani ya kabati, na funguo za kabati zilikuwa kwa makamu wa mkuu wa shule, aliyekuwa amekwenda likizo kwao. Shule zingefunguliwa baada ya siku kumi na tatu. Nikaifunga kamusi yangu nikasema moyoni kwamba neno ambalo halimo humu haliwezi kuwa neno la maana sana.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoharibu jambo akiwa amekaa tu. Wakati shule zinakaribia kufunguliwa ndio msimu wa baba. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa majora ya bluu na meupe, na mashati na sketi za shule yetu nzima zilikuwa juu yake. Jumatano jioni, akitia chaki kwenye kitambaa, aliniita.

"Kamusi. Hiyo Alhamisi yao, ni kwenda kusafishwa na kufungwa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kumbe! Nimepinda suruali za mji mzima, nishindwe kuufunga mguu wangu mwenyewe? Nina sketi arobaini za kutia marinda. Nikakae kwenye foleni kutwa nzima ili mtu anizungushie kitambaa?"

Pale pale ndipo pangefaa. Maneno manne yalitosha: baba, neno lile silijui. Niliyatafuta mdomoni, nikaona uso wake ukining'aria, akifurahi kwamba ana binti wa kumwokolea siku yake moja ya kazi. Nikasema, "Maji ya chumvi yawe ya vuguvugu."

Asubuhi ya Alhamisi mama alikuwa amevaa viatu, amesimama mlangoni na cheti mkononi. "Leo ndiyo siku waliyosema."

"Tumeshazungumza na Kamusi," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Kwani waliandika ni lazima?"

Wote wawili wakanitazama. "Hawakuandika lazima," nikasema. Na kweli, neno hilo halikuwamo kwenye cheti.

Mama alivua viatu polepole. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia baba, ila macho yake yalikuwa kwangu.

Baba akaanza kujiuguza, na alijiuguza kifundi. Alikata vipande vyeupe kutoka mabaki ya mashati, akavichemsha, akavipiga pasi. Hakutaka nyuzi ziingie kwenye kidonda, kwa hiyo kila kipande alikipinda kingo zote nne, mshono mdogo ulionyooka, kama leso ya bwana harusi. Alikizungusha mguuni kwa ustadi kiasi kwamba ungedhani amevaa soksi. Wateja waliokuja kuchukua nguo waliusifu. "Fundi, hata ukiumwa unaumwa kwa mtindo!" Baba alicheka, akaunyoosha mguu wauone vizuri.

Siku ya nne niliomba nione ndani. Pembezoni mwa kidonda nyama ilikuwa ya kijivujivu, laini, kama ukoko wa uji uliolowekwa. Niliuliza kama ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

"Hiyo ndiyo ngozi mpya inakuja," baba akasema. "Na haiumi."

Kwetu maumivu ndiyo mizani. Kisichouma ni kizima. Nilitaka kumwamini, na nilimwamini kwa nguvu zangu zote, kama mtu anavyosukuma mlango ambao kuna mtu anausukuma upande wa pili. Usiku sikulala vizuri, lakini mchana nilikuwa na maelezo tele.

Siku ya saba baba aliweka vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kwenye majora, vingi kuliko kawaida, vingine chini ya meza ya cherehani. Siku ya nane aliongeza. Chumba kilinuka dawa hadi macho yakawasha, na bado, ukikaa karibu na meza, kulikuwa na harufu nyingine chini yake, tamu, nzito. Nzi mmoja alikuwa anatua kwenye ile bendeji iliyopindwa vizuri, anafukuzwa, anarudi palepale. Nilimuua kwa rula ya baba. Kesho yake walikuwa watatu.

Na cherehani ilibadilika. Tumekua tukisikia sauti ile, mimi na ukuta wa nyumba yetu tunaijua sawasawa: anakimbiza mshono mrefu, anapunguza kwenye kona, anakimbiza tena. Sasa ilianza kusitasita katikati ya mshono ulionyooka. Nilichungulia nikamwona baba amehamisha kazi yote kwenye mguu wa kushoto, na ule wa kulia ameuweka pembeni juu ya rundo la vitambaa, kama mgeni.

"Umechoka, baba?"

"Nimebakiza mashati kumi na nane. Nikimaliza nitapumzika."

Alikuwa anatokwa na jasho, na dirisha lilikuwa wazi. Mama alinifuata jikoni. Alisimama karibu sana nami, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, nakuuliza, na sitakuuliza tena. Lile neno unalijua?"

"Mama, mimi ni mwalimu wa Kiingereza."

"Sikuuliza kazi yako."

"Nalijua," nikasema.

Mama hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa kushika neno lake. Tangu siku ile alianza kutembea nyumbani kama anayesikiliza kitu kilicho nje ya ukuta, na mimi nikaanza kumkasirikia yeye, sijui kwa nini. Kweli najua. Nilimkasirikia kwa sababu ndiye pekee aliyenipa nafasi, mara tatu, na mara zote tatu niliitupa.

Jumatatu shule zikafunguliwa. Nilitoka asubuhi mapema. Baba alikuwa amelala, jambo ambalo hakulifanya siku ya kufungua shule tangu nipate akili, kwa kuwa alipenda kukaa dirishani awaone watoto wakipita na nguo zake. Kwenye gwaride la asubuhi mamia ya watoto walisimama mbele yangu, mashati yamenyooka, marinda yamekaa, na kila kola niliyoitazama ilikuwa mkono wa baba. Wimbo wa shule ulinishinda kuimba.

Nilimfuata makamu hadi ofisi ya walimu, penye kabati. Alikuwa na habari nyingi za likizo, na alizieleza moja moja huku akijaribu funguo, huu sio, huu sio, mpaka kabati likafunguka. Nikaichukua ile kamusi, nikaiweka juu ya madaftari, nikafungua. Neno lilikuwepo. Mistari minne tu.

Ilisema ni kitenzi cha tiba: kuondoa nyama iliyokufa kwenye kidonda, kwa kuikata, ili iliyo hai ipate kupona. Ilisema kinahitaji mtendwa, yaani huwezi kukitumia hivi hivi, lazima useme kinachoondolewa hiyo nyama ni nini. Kisha ikatoa mfano wa matumizi, na mfano wenyewe ulikuwa kwamba kidonda kikifungwa kabla ya kufanyiwa hivyo, uozo husambaa chini ya bendeji. Niliusoma mara mbili. Mara ya pili niliusoma kwa sauti, na makamu akaacha kuzungumza.

"Mwalimu, vipi? Umepata msiba?"

Nilikimbia na lile gauni la kijivu, mwalimu mzima, katikati ya barabara. Nilimkuta baba ameketi sakafuni kando ya cherehani, mama amemshika. Midomo yake ilikuwa mikavu, anatetemeka, ananiambia kwamba bado vifungo vya shati moja. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kifundo cha mguu, umepita ugoko, umekaribia goti.

Chumba cha vidonda kilikuwa na kitanda kimoja chembamba, beseni na dirisha lenye wavu. Nesi alikuwa ni yule yule aliyekuwa akinywa chai. Alishika bendeji ya baba, akageuza ncha yake kidoleni.

"Nani ameshona hivi? Pindo zuri jamani!"

"Mimi," baba akasema, na hata katika ile homa alitabasamu.

Akaifungua. Alipofika kwenye mzunguko wa mwisho wa kitambaa aliacha kutabasamu, akasogeza uso pembeni, akavuta pumzi kwa mdomo. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Akachukua cheti, akasoma, akahesabu siku.

"Mliandikiwa mje Alhamisi ile. Hapa tungekata nyama kidogo tu, ukubwa wa kucha. Nani aliwaambia msije?"

Mama hakunitazama. Alitazama lile beseni. Baba akasema, "Nilikuwa na kazi," na mimi nikanyamaza. Ndiyo, hata pale nilinyamaza.

Daktari alikuja, safari hii mtu mzima, mnene, aliyezungumza taratibu. Alisema mguu utakatwa chini ya goti, leo hii, kabla uozo haujapanda juu zaidi. Ukipanda, hatutakuwa tunazungumzia mguu tena. Alileta fomu ya ridhaa, ya Kiingereza, kurasa mbili, akaiacha kitandani pamoja na kalamu, akatoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Baba aliishika ile karatasi, akanipa, bila kufikiri.

"Isome, Kamusi. Ukiniambia nitie sahihi, natia."

Sikuipokea, ikabaki kitandani. Nilipiga magoti pale sakafuni, penye unyevu wa dawa, ili uso wangu uwe chini ya wake. "Baba, lile neno la kwanza sikulijua. Siku ile kwenye korido sikulijua, na Alhamisi sikulijua. Nimelijua leo asubuhi. Maana yake ilikuwa wakukate ile nyama iliyokufa. Nilikisia tu, baba. Niliona haya kuuliza."

Nesi aliacha kuosha mikono. Bomba liliendelea kutiririka. Baba alinitazama, na nilingoja anitukane, nilitamani anitukane, anirushie hata ile kalamu. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa alichokwisha kukikata, ndipo akagundua amekosea kipimo.

"Uliona haya," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ya nani?"

Yule mama wa benchini hata jina lake sikulijua.

Baba aliivuta ile fomu kutoka kitandani, akamnyooshea nesi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyomkabidhi mteja nguo iliyokamilika. "Nisomee wewe, mwanangu."

Nesi akakausha mikono, akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo ningekaa mimi. Akasoma taratibu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, akiweka kidole. Kwamba ameelezwa upasuaji. Kwamba anajua hatari zake. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mstari. Ukurasa wa pili kidole cha nesi kikasimama.

"Hapa pana neno silijui, baba," akasema. "Ngoja nikamuulize daktari."

Mimi nililijua. Hakuna aliyenitazama. Nesi alitoka na ile karatasi, na tukamsikia kwenye korido akigonga mlango, akiuliza, akijibiwa, akisema asante, akirudi. Hazikupita hata dakika mbili.